Kwa kulala au kwa kula?

Wiki iliyopita kijana mmoja alipiga hodi kwa mamangu, Kisauni, Mombasa, tableti mkononi. Adabu anayo: alitoa shikamoo, akavua viatu, akakaa ukumbini. Alikuwa akikusanya takwimu za kujua ni kaya zipi zitaumia zaidi mafuriko yakija. (Kaya kwetu ni msitu wa Wamijikenda, lakini haya.) Swali la kwanza: "Bi, mnaishi wangapi humu chumbani?"

"Kwa kulala au kwa kula?"

Kijana akatabasamu, akaandika 1.

Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Mamangu ana miaka 74, mjane, goti bovu, hana gari, hana cheti cha darasa lolote, analala peke yake. Kila jibu lilimwongezea alama za udhaifu, hadi nikadhani ile tableti itaangua kilio.

Sasa niwape habari za huyu "mpweke". Alfajiri uani pana sufuria yake ya mbaazi, na watoto wa jirani wamejipanga wakingoja mahamri. Asipofungua dirisha kufika saa moja, kuna mtu ashamgongea. Mvua za Novemba 2023, maji yalipoingia, vijana watatu walimbeba kabla hajapata buibui lake, wa nne akachukua godoro. Nilipopiga simu nikitetemeka, yeye ndiye aliyeniuliza mimi kama niko salama.

Nyumba hiyo hiyo, chumba cha mwisho kushoto, alikuwako mpangaji. Miaka ishirini na kitu, kidato cha nne amemaliza, kazi ya usiku godauni Shimanzi, hana mgonjwa wala mtoto. Kwenye fomu huyo ni chuma cha pua. Usiku yuko kazini, mchana amelala. Maji yaliingia mchana, nyumba nzima ikahama, na hakuna aliyemkumbuka. Aliamshwa na godoro lililolowa. Kama si hivyo, sijui.

Na msinambie haya ni mapenzi ya mtoto kwa mamake. Joto la Julai 1995 liliua watu zaidi ya 700 mjini Chicago. Mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale, ilikaribiana kwa wazee maskini na kwa wazee wanaoishi peke yao. Lakini kiwango cha vifo cha North kilikuwa takriban mara kumi ya South. South maduka yalikuwa wazi na njia zimejaa watu, mzee alikuwa na pa kwenda na wa kumwona. North majengo yalibaki mahame, wazee wamejifungia kwa hofu. Karatasini walifanana. Makaburini hawakufanana.

Kisha Wamarekani hao hao wana kipimo cha udhaifu wa jamii cha CDC, idara yao ya afya ya umma, chenye vigezo 16: umaskini, miaka 65 kwenda juu, kukosa gari, kutojua Kiingereza vizuri... Hakuna hata kimoja kinachouliza nani atakuja kukugongea. Na sisi tunakiiga! Kukosa gari, jamani! Kisauni siku ya mafuriko, mwenye gari ndiye wa kuhurumiwa.

Na huo mtindo wa kuipa kaunti ndogo nzima wastani mmoja nao! Kaunti ndogo jirani, Nyali, ina mabwawa ya kuogelea Mkomani na vibanda Ziwa la Ng'ombe. Vichanganye, upate mtu wa katikati asiyeishi popote.

Haya, nikubali, shingo upande: bila nambari, unga wa msaada huishia kwa wenye mjomba ofisini. Na goti la mamangu ni bovu kweli, wale vijana watatu wakipata kazi Gulf nitamwambia nini? Sikatai kupima. Nakataa kupimwa kwa mali na umri peke yake, kana kwamba mtu huokolewa na cheti chake. Ongezeni swali moja tu: mlango wako usipofunguka leo, nani atauliza?

Kijana wa tableti nilimwambia hivyo hivyo. Akasema fomu imefungwa, haiongezwi swali. Mamangu akamfungia mahamri mawili kwenye gazeti.

Kile chumba cha mwisho kina mpangaji mwingine sasa. Ijumaa tulipishana ukumbini, kila mmoja na simu yake. Jina lake bado silijui.