Hapo tu, shemeji

Mwezi wa kumi mwaka jana nilienda ukweni Nyangao, ile barabara ya Lindi kwenda Masasi, kulikuwa na kikao cha mahari ya mdogo wake mke wangu na mimi ndo shemeji mkubwa kutoka Dar, shati jeupe, raba nyeupe, yaani nimejipanga. Wageni wanakuja saa kumi na moja jioni. Mchana shemeji yangu mmoja akanitorosha tukajibanza grosari.

Sasa kule msimu wa korosho ukianza ulaka unakuwa kila mahali, ile pombe ya mabibo, na ukiwa mpya ni mtamu kama juisi, hapo ndo unapokamatwa, unafika kikombe cha nne unajiona mzima kabisa, ukisimama ndo miguu inakutumia meseji.

"Shemeji tunyooshe miguu," akasema, "tufuate mto tutokee nyumbani kwa nyuma, mama asituone hivi. Hapo tu."

Sitaki kuwasema watu wa kusini ila "hapo tu" yao ni nauli ya bodaboda.

Mto Lukuledi kipindi hicho cha kiangazi ni mchanga na vidimbwi, kina mama wamefukua visima vidogo mchangani wanachota maji taratibu, kuna kaupepo, tunatembea tunabishana mahari iwe ngapi. Pazuri kweli, siwezi kudanganya. Baada ya mwendo mrefu ulaka ukaomba njia, nikamwambia shemeji nachimba dawa mara moja, nikaingia kichakani.

Humo kichakani kuna mmea umetambaa, umejaa maganda yamejikunja kama herufi S, yana vinyoya rangi ya dhahabu vinang'aa juani, laini kama kifaranga. Mtoto wa mjini nikashika moja. Nikapapasa na la pili. Halafu mkono ule ule ndo nikafungulia zipu.

Mliokulia kijijini mshaanza kucheka.

Upupu nilikuwa naujua kwa jina tu, hadithi za wanafunzi kumwagia kwenye kiti cha mwalimu. Unaanza kama siafu mmoja, ukimkuna anaita ukoo. Nilitoka mle kichakani bila shati, suruali iko magotini, napiga kelele, na shemeji badala ya kuja anarudi nyuma, eti anatafuta upepo unakotoka asimame huko! Nikaona dawa ni maji, nikakimbilia kidimbwini, wale kina mama ndoo wakatupa.

"Usitie maji mwanangu!" bibi mmoja akapaza sauti. "Tope! Jipake tope!"

Nikajipaka. Kote. Wenzake wamelala mchangani kwa kicheko, yule bibi peke yake ndo hakucheka, akanirushia khanga yake kwa mbali kama anamtupia mbwa mfupa, nguo zangu zikabebwa na shemeji kwenye ncha ya kijiti.

Tukatokea kwa nyuma kama alivyosema, ila nyuma ndo kwenye mwembe, na chini ya mwembe mikeka imetandikwa, na wageni, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, wamewahi. Mama mkwe amekaa katikati.

Nikachuchumaa, mkono mmoja umeshika khanga, mwingine sisemi ulikuwa wapi. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akasema anaangalia chini. "Umetoka shamba?"

Nikasema ndio mama. Nikageuka niingie ndani, na hapo ndo wakasoma jina la khanga, limekaa sawasawa makalioni: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Kimya. Halafu mjomba wa bwana harusi, mzee ambaye kunong'ona hajawahi kujifunza, akamwinamia mwenzake, "Kama huyu ndo yule wa Dar, tuombe punguzo."

Wakaomba. Wakapewa.