Acheni kuuliza "kamsema nani"

Wadau, kuna swali linanichosha kweli. Ngoma mpya ikitoka, hata vesi ya kwanza haijaisha watu washaanza, huyu kamsema nani? Kijiweni hivyo, redioni hivyo, msanii anaitwa kwenye intavyuu hajakaa vizuri anaambiwa ule mstari ulimlenga nani, na asipotaja jina wanasema anaogopa. Mi naona tunaua michano, yaani rap yetu ya Kiswahili, kwa staili hii. Mstari mkali unafunguka ukijua umeegemea wapi, ni methali gani imepinduliwa, ni aya gani ya kitabu, ni wimbo gani wa zamani, ni kitu gani sisi sote wa hapa tunakijua ambacho jamaa amekigusa kwa maneno matatu akapita zake.

Chukua Ndio Mzee ya mchanaji Professor Jay, 2001. Mgombea anamwaga ahadi kubwa kuliko nchi yenyewe, umati unaitikia ndio mzee, ndio mzee. Ukikaa kutafuta ni mgombea gani huyo umeikosa ngoma nzima, maana wanaochanwa pale zaidi ni sisi tunaoitikia. Hiyo "ndio mzee" tumeanza kuisema nyumbani, tukaenda nayo shule, tukaenda nayo kazini, mpaka tunafika kwenye mkutano wa kampeni mdomo ushazoea. Yeye hakueleza hata kimoja, aliweka kiitikio tu akatuachia wenyewe. Afu baadaye akaja na Siyo Mzee, na hiyo ukiisikiliza bila kuijua ya kwanza utaona tu watu wanabisha, ila anayeijua anasikia ni umati uleule, sasa umeamka. Halafu 2015 mwenyewe akagombea, akawa mbunge wa Mikumi, na ngoma ikapata maana nyingine ambayo wala hakuiandika, kwa sababu kila mpiga kura wake alikuwa na kiitikio mdomoni cha kumpimia yeye mwenyewe. Utasema hapo alimsema nani?

Au mchanaji Fid Q, jina tu la albamu yake, Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Aliyesoma Kiswahili sekondari anajua shairi la kimapokeo lina kina cha kati na kina cha mwisho, mizani nane huku na nane kule, ndo tulivyokaririshwa. Jamaa kaongeza mwanzo. Yaani kawaambia malenga wote waliotangulia kwamba sheria zenu nazijua na naweza kuziongezea. Majigambo mazito hayo, na hakuna hata mtu mmoja aliyetajwa humo. Mi hiyo naipenda kuliko disi zote, zile ngoma za kuchambana, za mwaka mzima.

Kuna watakaosema tabia hii tumeitoa kwenye taarab, na ni kweli. Enzi za vikundi vya TOT na Muungano miaka ya 90 hapa Dar mipasho, yale mafumbo ya kumchamba mtu, ilikuwa inarushwa kweli na watu walijua nani anarushiwa. Sawa, lakini muangalie yule aliyekuwa anainuka kwenda kumtuza mwimbaji pesa. Mama anapita mbele na noti yake juu, anacheza huku anamkata jicho jirani yake aliyekaa meza ya nyuma, na mtunzi huyo jirani hamjui wala hajawahi kumwona. Ubeti umeshakuwa wa mama. Kanga nazo hivyohivyo, aliyetunga jina lake, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, hajui litapita mbele ya mlango wa nani huko Temeke au Magomeni. Fumbo zuri linatoka kwa mtunzi kama barua isiyo na anwani, msikilizaji ndo anaipeleka.

Na hili swali lina hatari kabisa, sio tu kwamba linaboa. Machi 2017 mchanaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia, mpaka Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Sasa liangalie jina lenyewe. Wapo. Halina mtu, limeacha nafasi, kila mmoja ajaze anavyojua, mashabiki tukajaza na wenye mamlaka nao wakajaza. Shabiki anayelazimisha jina na askari anayetafuta jina wanasikiliza kwa sikio moja, na hii inaniuma sana, maana sisi mashabiki ndo tulitakiwa tuwe wa kwanza kumlindia msanii hiyo nafasi.

Watangazaji, nawaomba, mkimpata mchanaji mzuri muulizeni alikuwa anasoma nini wakati anaandika, bibi yake alikuwa anapenda kusema nini, huo mstari wa pili kautoa wapi. Na walimu wa Kiswahili, siku mnafundisha jazanda na kinaya pigeni Ndio Mzee darasani, simu na kaspika kadogo vinatosha, afu waacheni wanafunzi wabishane mpaka kengele ilie.