Lenu lina asilimia ngapi?

Kuna mzee ninayemhudumia hapa Bergen ambaye kwake Jumatano ni kama siku ya dabi. Sahani za mchana zikishaondolewa mezani anavaa miwani, anasukuma tableti upande wangu na kusema, "Nisomee." Hataki habari za vita wala mpira. Anataka asilimia ya maji kwenye mabwawa ya umeme. NVE, mamlaka ya maji na nishati ya Norway, hutoa namba hiyo kila wiki, kanda kwa kanda. Mzee ana daftari la mistari anamoiandika kwa penseli. Alifanya kazi kwenye kituo cha umeme ujana wake wote. Macho yamechoka, mkono bado mzuri.

Mwanzoni nilidhani ni mambo ya uzee. Kumbe jikoni nako wanaijua. Mwaka 2022, maji ya kusini yaliposhuka na bei ya umeme ikapanda hadi watu wakaogopa kuwasha hita, wenzangu walikuwa wanabishana asilimia kwa asilimia, nani kafungulia maji mapema, kwa nini umeme unapelekwa Ujerumani na Uingereza kwa nyaya za chini ya bahari wakati mabwawa yao yenyewe yanaonyesha mawe. Makelele kama kijiwe cha kahawa Kariakoo. Serikali ikabanwa, ikalipa sehemu ya bili za watu. Sasa msije mkasema nawasifia Wazungu kwamba hawana shida. Wanayo, na wanalalamika kutushinda. Ila wanalalamika wakiwa na namba mkononi.

Wiki mbili zilizopita mzee akafunga daftari, akanitazama. "Na lenu? Lina asilimia ngapi?"

Nilijitakia mwenyewe. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimemtambia. Aliniambia kituo chao kikubwa kuliko vyote, Kvilldal, kina megawati 1,240, na mimi nikamjibu polepole, kwa raha zangu, kwamba Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Alivua miwani. Akaiandika. Siku ile nilitembea kwenda kituo cha basi kifua mbele kama mimi ndiye niliyemwaga zege.

Basi nikatoa simu nimtafutie asilimia. Nikakuta picha za ziara, watu wamevaa kofia ngumu. Nikakuta megawati, nikakuta tarehe ya kuanza kujaza maji, Desemba 22, 2022. Asilimia ya wiki ile sikuipata. Mzee ananisubiri, penseli iko hewani. Nikasema nitamletea kesho.

Najua mnachoandaa huko. "Huyu kaonja theluji miaka mitatu, sasa anakuja kutufundisha mabwawa." Jamani, bwawa la Mtera sifundishwi. Nimekula perege wa pale tangu basi la Dodoma likitoka Iringa linapita kwenye vumbi tupu, na mjomba wangu anauza samaki pale mpaka leo. Namba 690 niliijua nikiwa kidato cha pili, mwaka 2006, tukisomea kibatari. Mtera ikijaa kabisa inasoma mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, ikishuka hadi 690 mitambo inatakiwa kusimama. Mwaka ule ilishuka ikapita hapo. Nchi nzima ikageuka wataalamu wa kina cha Mtera, hadi kinyozi alikuwa anakitaja.

Na hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Namba tulipewa, ila ilikuja imeshikana mkono na ratiba ya mgao. Hapa inakuja Jumatano ya kawaida, mabwawa yakiwa yamejaa tele, wakati hakuna aliyeiuliza. Theluji inayeyuka Mei na Juni, wanajaza hadi vuli, wanateremka nayo taratibu mpaka Aprili, na njiani kila mtu anaona kama wanakwenda kasi kupita kiasi. Ukiona dalili mapema unapunguza matumizi ya maji, unanunua umeme wa jirani. Ukiambiwa mtungi umekauka, utafanya nini zaidi ya kutafuta mshumaa?

Sisi mtungi ukikauka tunatafuta mchawi, na tunamjua anakoishi: Usangu, juu kwenye mto unaoleta maji Mtera. Mkulima wa mpunga wa Mbarali kachepusha maji, mfugaji kaingiza ng'ombe kwenye kinamasi cha Ihefu. Sikatai. Mto wenyewe, Ruaha Mkuu, umekuwa ukikatika kiangazi tangu miaka ya 90, na ukiona kiboko anagombea dimbwi la tope na mwenzake hutasema hakuna tatizo. Wafugaji walihamishwa, Ihefu ikaingizwa hifadhini mwaka 2008. Lakini wataalamu wa maji walishaichambua migao ya miaka ile ya 90, wakaona ukame haukuwa peke yake. Namna maji yalivyofunguliwa Mtera kwenda Kidatu nayo ilichangia. Mtera ndiyo ghala, Kidatu chini yake ndiyo yenye mitambo mikubwa, megawati 204 dhidi ya 80. Ghala likitumika vibaya, aliyelima mpunga ndiye anayehukumiwa kwa sababu jembe lake linaonekana. Daftari la ghala nani kaliona?

Vivyo hivyo Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zilipofurika. Kwenye kundi letu la ukoo tulitukanana siku tatu, wengine wanasema ni bwawa limefunguliwa, wengine wanasema ni mvua na bwawa ndilo limeokoa. Shangazi mmoja alijitoa kwenye kundi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefuatilia bwawa limejaa kiasi gani kuanzia Januari.

Mtaniambia Norway ni watu milioni 5 na nusu, sisi tumepita milioni 60. Sawa. Mtaniambia wana mafuta. Sawa pia. Lakini kwenye bwawa kuna kipimo kimesimama majini, na naamini yupo kijana wetu anayekisoma kila siku na kuandika. Hiyo kazi tayari tunailipia. Ninachouliza ni kwamba akishasoma, anamsomea nani?

Na wala si malaika hawa. Huko kaskazini, Alta, walitaka kuweka bwawa kwenye ardhi ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko. Watu wakagoma kula mbele ya bunge mwaka 1979, na mwaka 1981 waliozuia ujenzi kule Alta wakaondolewa na mamia ya polisi. Bwawa likajengwa. Mito mingine waliiingiza yote kwenye mabomba, ikabaki mawe, na leo kampuni zinaamriwa kuachia kiasi fulani kwa ajili ya samaki. Mzee alinieleza hayo kwa aibu kidogo. Nikamwambia sisi tulimfanyia hivyo chura. Kituo cha umeme cha Kihansi kilipowashwa mwaka 2000, maporomoko yakapungua, ule unyevu wa manyunyu ukaisha, na chura mdogo asiyepatikana pengine popote duniani akabaki hana nyumba. Tukamfungia mabomba ya kunyunyizia, wengine wakapelekwa New York kulelewa, mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini, mwaka 2012 tukawarudisha wa kuzaliwa Marekani. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nilipomwambia pesa za Norway nazo zilikuwamo kwenye mradi ule, akanyamaza.

Basi nikampigia mjomba.

"Kamwene mjomba. Maji hapo Mtera yakoje?"

"Yapo."

"Yapo kiasi gani?"

"We mpwa, umepiga kutoka Ulaya kuniuliza maji?" Nikamweleza. Akasema ngoja, nikasikia ndala zinaburuzika, mtu anamuuliza bei ya kambale, anamjibu, anaendelea. Muda mrefu. "Kutoka kwenye ule mbuyu wa mama Neema mpaka yanapoanza," akasema akihema, "hatua mia moja arobaini. Mwezi uliopita ilikuwa tisini."

Jumatano iliyofuata nikamsomea mzee zake, kisha nikampa yetu. Hakucheka. Akauliza kama mjomba ana miguu mirefu. Nikamwambia wa wastani. Akachora mstari chini ya kanda zao zote, akaandika *Mtera, 140*, na pembeni yake, kwenye safu ya wiki iliyopita, akaweka alama ya kuuliza.

Sasa kila Jumanne usiku nampigia mjomba. Juzi ameniambia kazi hii ina gharama, nitume ya vocha kwanza.