Viazi lishe viko ukutani, sokoni havipo

Juzi nilimsindikiza dada yangu kliniki na mwanawe. Muuguzi alimwelekeza vizuri kabisa: mpe mtoto viazi lishe, yaani viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, na bango lake liko ukutani. Tukapitia sokoni. Meza zote viazi vyeupe. Muuzaji mmoja akatujibu, "Hivyo ni vya mradi, dada zangu, mjini nani atanunua?"

Jibu hilo limenikera mpaka leo, kwa sababu ni la kweli. Aina za viazi lishe kama Kiegea na Mataya zimekuwepo nchini miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2016 watafiti watatu wa viazi hivi, akiwemo Robert Mwanga wa hapo Uganda, walikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Gramu 125, yaani kiazi kimoja kidogo, zinamtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Halafu mama wa Dar anaambiwa akitafute, na hakuna pa kukipata!

Wengi wanalaumu mkulima kwamba hataki mabadiliko. Si haki. Mbegu ya kiazi ni marando, yaani vipande vya shina lake, na marando mtu humkatia jirani bure, kwa hiyo hakuna kampuni inayohangaika kuyauza. Kiangazi yanakauka. Atakayeyaweka hai mpaka mvua ni mwenye kibonde chenye maji, amwagilie miezi yote hiyo, na hawezi kujitesa hivyo kama hajui viazi atamuuzia nani. Mkulima wa Gairo, kule Morogoro, anapanda kile ambacho lori la Dar litapakia. Semina zikiisha na magari ya mradi yakiondoka, anarudi kwenye vyeupe, na mimi simlaumu hata kidogo. Soko ni sisi wa huku mjini, na sisi hatujaagiza.

Haya, nakubali: aina za mwanzo zilikuwa na maji maji, na sisi tunapenda kiazi cha unga. Watafiti walilisikia hilo, kiazi cha aina ya Kabode ni kikavu zaidi. Nakubali pia kwamba kiazi hakimwondolei mtoto haja ya yai na dagaa. Wanaoogopa kwamba vimechezewa vinasaba watulie, vimepatikana kwa kuchavusha na kuchagua.

Kinachoniuma ni kwamba mapishi yetu tayari yanakifaa. Vitamini A inataka mafuta ili mwili uipokee, na futari ya Dar bila tui la nazi ni futari gani? Ramadhani peke yake jiji hili linamaliza malori kwa malori ya viazi. Mama lishe nao wanachemsha kila asubuhi. Wakipata gunia la viazi lishe kwa bei ileile, watapika.

Maharage ya aina ya Jesca, yenye madini ya chuma na zinki zaidi, yana shida hiyohiyo. Na tusijidanganye kwamba kujaza ghala kunatosha: takwimu za 2022 zilionyesha asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa ulioongoza ni Iringa, inayolisha wengine.

Mtaani kwetu majirani kadhaa tumekubaliana kuagiza gunia kwa pamoja kupitia dereva anayeleta viazi. Kamati za shule zinazochangisha chakula cha mchana zinanunua kingi kuliko sisi. Zimwambie msambazaji wao muhula huu huu kwamba zinataka viazi lishe, na zimlipe.