Uzito wa chaguo: tuwasikilize wachezaji kwa kiasi gani kuhusu muundo wa wahusika wao?

Wachezaji wa michezo ya kifantasia ya mtandaoni wana ombi moja lisilokoma: wapewe uhuru zaidi wa kuwaunda wahusika wao, na wanapokosea au kuchoka waruhusiwe kubadilisha bila kutozwa. Muundo wa mhusika ni ule mchanganyiko wa fani, vipaji, silaha na sura unaomtofautisha kasisi wa mchezaji mmoja na kasisi wa mchezaji mwingine, hata kama wote wawili wanapigana na joka lile lile. Ombi hili ni rahisi kuliunga mkono, na mimi kwa sehemu kubwa naliunga mkono. Lakini lina upande wa pili ambao waombaji wengi hawaupi haki yake, na mchezo unaouonyesha vizuri upande huo ni World of Warcraft, ambao tangu ulipotoka Novemba 2004 umelijibu ombi hilo kwa njia zinazopingana, mara ukikubali, mara ukikataa, mara ukirudi ulikotoka.

Katika toleo la kwanza kila fani ilikuwa na miti mitatu ya vipaji. Mchezaji alipata pointi moja kwa kila kiwango kuanzia cha 10, na alipofika cha 60, ambacho kilikuwa cha mwisho, alikuwa na pointi 51 za kugawa. Kuzifuta na kuanza upya kuligharimu dhahabu 1 mara ya kwanza, 5 mara ya pili, kisha gharama ikapanda hadi 50, na dhahabu 50 siku zile hazikuwa za kuokota. Tumchukue kasisi aliyezitia pointi zake kwenye uponyaji. Jumamosi usiku yuko Molten Core, pango la pambano kubwa la kikundi, pamoja na wenzake 39, macho yake hayabanduki kwenye safu za majina yenye vibao vya uhai vinavyopungua, na akizembea kidogo tu, shujaa anayemkabili bosi, yaani adui mkuu wa pambano, anaanguka. Jumapili dawa za pambano lijalo zimekwisha, anahitaji dhahabu, na dhahabu hupatikana kwa kuua wanyama na mazimwi porini. Mhusika aliyejengwa kuponya humaliza dakika nzima akihangaika na nguruwe mmoja. Akibadilisha muundo analipa 50, akiurudisha kabla ya Jumamosi analipa 50 nyingine, na hivyo sehemu kubwa ya anachovuna inakwenda kulipia ruhusa ya kuvuna. Watu waliolalamikia hali hiyo waliitwa wavivu, na haikuwa kweli. Aliyeumia zaidi alikuwa yule yule aliyejitolea kufanya kazi ambayo kundi zima liliitegemea.

Hata hivyo, gharama hiyo hiyo ndiyo iliyompa kasisi yule jina. Kwa kuwa watu hawakubadilika kila siku, wakazi wa seva moja walijua nani ni mponyaji wa kutumainiwa, nani ni paladini, yaani shujaa mtakatifu, anayeng'ang'ania upanga ilhali vyama vingi vya wachezaji vilimtaka aponye, na nani ni druidi, yaani mchawi wa msituni, anayeweza kusimama mbele akilala na kuamka na mapigo. Muundo ulikuwa sehemu ya sifa ya mtu, kama fundi anavyojulikana mtaani kwa milango na si kwa vitanda, ingawa anao uwezo wa kuvitengeneza vyote. Anayeomba kubadilisha bure wakati wowote anaomba pia, pengine bila kukusudia, kwamba sifa hiyo ififie, kwa sababu pale ambapo kila mtu anaweza kuwa chochote usiku huu huu, hakuna sababu ya kumtafuta fulani kwa jina lake. Hoja hii naiona nzito kuliko ile ya kawaida inayodai kwamba ugumu ni mzuri kwa kuwa tu ni ugumu.

Aprili 2009 watengenezaji walikubali sehemu ya ombi, na mchezaji aliyelipa dhahabu 1,000 aliweza kuhifadhi miundo miwili na kuhama kati yake. Kasisi wetu akapumua. Lakini Septemba 2012, katika toleo la Mists of Pandaria, walikwenda mbali zaidi na kuing'oa miti yenyewe: badala ya pointi kadhaa, mchezaji alipewa safu sita zenye vipaji vitatu kila moja, achague kimoja katika kila safu. Sababu yao haikuwa ya kupuuzwa. Miti ya zamani ilijaa vipaji vilivyoongeza asilimia 1 hapa na 2 pale, na karibu kila aliyekuwa makini alinakili mgawanyo uliokwisha kupigiwa hesabu na wengine, kwa hiyo chaguo lililoonekana kubwa kwenye kioo lilikuwa dogo mno mkononi. Safu sita za vitatu huzaa michanganyiko 729, na wao waliamini kwamba 729 ya kweli ni bora kuliko maelfu ya bandia.

Katika hesabu walikuwa sahihi, na bado walikosea, kwa kuwa waliisoma miti ile kama watu waliokwisha kufika kiwango cha mwisho. Kwa anayepanda, pointi ile moja ya kila kiwango, hata ikiwa ya asilimia 1, ilikuwa mshahara mdogo wa kazi ya jioni: unafungua ukurasa, unatazama matawi, unasogea hatua moja kuelekea kipaji kikubwa unachokiota. Katika mfumo mpya mtu aliweza kupanda viwango kumi na vinne bila kuulizwa chochote. Malalamiko kuhusu jambo hili yalidumu kwa muongo mzima, na Novemba 2022, katika toleo la Dragonflight, miti ikarudi, safari hii mmoja wa fani na mwingine wa tawi, yaani utaalamu ndani ya fani, na kubadilisha vipaji kukawa bure.

Kuna kitu kimoja kilichorudi na miti hiyo ambacho kinaeleza mengi. Mchezaji anaweza kuhifadhi mgawanyo wake wote kama mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu, akamtumia mwenzake, na huyo mwenzake akaubandika na kupata mti uliokwisha kujaa kabla hajasoma hata kipaji kimoja. Zana hiyo iliombwa, na inafaa: inamwokolea mgeni saa za kuhangaika na inarahisisha kufundishana. Lakini ni vigumu kudai kwa upande mmoja kwamba tunataka miti mipana ili kila mtu awe na muundo wake, na kwa upande mwingine kwamba tunataka njia ya kuujaza kwa kubandika. Seva za Classic, zinazorudisha mchezo wa mwanzo, zilizofunguliwa Agosti 2019 zilikuwa zimeshatoa ushahidi huo huo. Miti ilikuwa ile ile ya mwanzo, ila wachezaji hawakuwa wale wale. Walikuja na majibu ya miaka kumi na mitano, na mambo ambayo mwaka 2005 yalikuwa ya kubahatisha yakawa ya kufuata. Sehemu ya uhuru tunaoukumbuka haikutoka kwenye mfumo hata kidogo, ilitoka kwenye kutojua kwetu, na hakuna mtengenezaji anayeweza kuturudishia hiyo.

Pambano kali zaidi kati ya pande hizi mbili lilitokea Novemba 2020 katika toleo la Shadowlands. Mchezaji alitakiwa kujiunga na moja ya maagano manne, yaani Kyrian, Venthyr, Night Fae au Necrolord, na kila agano lilimpa hadithi, mavazi, kipando na pia uwezo wa kupigana. Kulihama kuliwezekana, lakini kurudi katika agano ulilolisaliti kulihitaji kazi ya ziada ya kulipatanisha. Wakati wa majaribio, miezi kadhaa kabla ya kutoka, wachezaji walionya kwa kurudia-rudia kwamba mtu atalazimika kuchagua kati ya hadithi anayoipenda na uwezo ambao kikundi chake kinaudai, na wakapendekeza viwili hivyo vitenganishwe. Watengenezaji walishikilia kwamba chaguo lisilofunga si chaguo. Ilipofika Novemba 2021, karibu mwaka mmoja baadaye, walilegeza: aliyefikia kiwango cha 80 cha heshima katika agano moja aliruhusiwa kuhama apendavyo.

Kwa maoni yangu wachezaji walikuwa na haki katika shauri hili, na sababu yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wao walikuwa wamelala kwenye vitanda vya namna hiyo kwa miaka. Walijua kwamba vyama vitakagua agano la mtu kabla ya kumpokea, kwa kuwa wao wenyewe ndio wangekagua. Uzito wa agano haukutokana na tofauti ya maisha ndani yake. Ulitokana na faini ya kutoka. Mahali ambapo uchaguzi unaumiza kwa sababu tu ya ada ya kuubatilisha, mtengenezaji hajajenga uamuzi wowote, amejenga kizuizi. Kasisi wa 2005 alitozwa, ni kweli, lakini kuponya na kuua kulikuwa pia kazi mbili zisizofanana hata kidogo, na tofauti hiyo ingebaki hata ada ingefutwa.

Hilo halimaanishi kwamba pendekezo la wachezaji likipata wingi wa sauti liwe sheria. Mchezaji hujua kwa uhakika mahali panapomuuma, ilhali dawa anayoitaja mara nyingi humfaa yeye peke yake: mwindaji ataomba mnyama mwenye nguvu zaidi, na hataomba kamwe apunguziwe. Old School RuneScape, mchezo mwingine wa mtandaoni wa kampuni ya Jagex ya Uingereza, iliyofunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya mchezo ya Agosti 2007, ilitafuta suluhisho kwa kura, na nyongeza kubwa ilihitaji asilimia 75 ya wapigaji, kiwango kilichoshushwa hadi 70 mwaka 2022. Utaratibu huo umeulinda mchezo dhidi ya mageuzi ya ghafla, ila umeufanya pia uwe mzito kusogea. Ustadi wa ubaharia ulikataliwa mwaka 2015, ukachaguliwa mwaka 2023, ukaingia mwaka 2025. Lenye mafunzo zaidi kwangu ni namna ya kucheza iitwayo Ironman, ambayo kabla ya kuwa rasmi mwaka 2014 ilikuwa nadhiri tu ya wachezaji wachache walioamua kutofanya biashara na mtu yeyote na kujipatia kila kitu kwa mikono yao. Hao walijiongezea uzito kwa hiari, wakauishi, na watengenezaji walipokuja kuuthibitisha walikuta tayari umejaribiwa.

Kuna jambo ambalo orodha za miundo bora hazilitaji, na sisi tunaocheza kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenye seva zilizoko Ulaya tunalijua mno. Amri ya kidole chetu inasafiri kwa nyaya za chini ya bahari kwenda na kurudi, na pingi yetu, yaani muda wa safari hiyo, mara nyingi huzidi milisekunde 100. Muundo unaotegemea kukatiza uchawi wa adui katika nusu sekunde, au kubonyeza vitufe vingi kwa mfululizo usiokosea, ni bora kwa mtu wa Paris na ni mateso kwetu. Hapa ndipo mti mpana unapojitetea vizuri kuliko hoja yoyote ya ladha, kwa sababu una vipaji vinavyofanya kazi vyenyewe bila kubonyezwa, na anayevichukua anapoteza kidogo kwenye hesabu na kupata zaidi kwenye pambano halisi. Yule aliyepiga hesabu za muundo bora hakutufikiria, wala hakuwa na wajibu wa kutufikiria. Mfumo wenye nafasi ya kukengeuka ndio uliotuhifadhia mahali.

Kuhusu sura ya mhusika sioni mvutano wa aina hii, na nitakuwa mfupi. Oktoba 2020 World of Warcraft iliongeza kwa wahusika binadamu rangi za ngozi na sura za Kiafrika na Kiasia, na ikamruhusu kinyozi wa ndani ya mchezo kubadilisha karibu kila kitu isipokuwa asili ya kiumbe. Hakuna pambano lililoharibika. Maombi ya nywele za kipilipili, misuko na rasta, ambayo yamerudiwa katika michezo mingi, yana gharama ya kweli kwa wachoraji, kwani kila mtindo lazima ukubaliane na kofia na miili yote iliyopo. Lakini ni gharama ya kazi, haimpunguzii mchezaji mwingine chochote. Kumchelewesha kwa miaka mtu anayetaka kujiona ndani ya ulimwengu anaoulipia ni uamuzi wa kipaumbele, na ungefaa kuelezwa hivyo badala ya kufichwa nyuma ya ufundi.

Kwenye vipaji na nguvu mvutano utaendelea, na hata wapenzi wa mfumo wa kale hawajaumaliza. Novemba 2024, katika maadhimisho ya miaka 20, zilifunguliwa seva mpya za Classic kwa ajili ya watu waliotaka mchezo jinsi ulivyokuwa, pamoja na ugumu wake. Baadaye seva hizo ziliongezewa uwezo wa kuhifadhi miundo miwili, ule ule wa 2009. Wapo waliosikitika kwamba kitu kisichokuwepo mwaka 2004 kimepenyezwa, na nawaelewa. Ila kasisi wa Jumamosi sasa anaweza kwenda kuua nguruwe Jumapili, na Jumamosi inayofuata wenzake 39 bado wanamwita kwa jina.