Utafiti wa mabonde ya Kampala ubaki Kampala

Mvua ikinyesha kwa nguvu saa moja tu, Bwaise, mtaa wa bondeni jijini Kampala, hufurika. Ukipita mitaa ile utaona vizingiti vya matofali vilivyoinuliwa hadi magotini, vitanda vimepandishwa juu ya mawe, na mstari wa tope ukutani unaoonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Wakazi wanajua maji huanzia upande gani na ni mtaro upi huziba kwanza kwa kavera, yaani mifuko ya plastiki. Maarifa hayo ni utafiti tosha, ila hayalipwi wala hayaandikwi popote.

Siku hizi vyuo vya ng'ambo na vyuo vyetu vinashirikiana kutafuta namna ya kuihuisha miji kwa kutumia maumbile yenyewe: miti, mafunjo, mabonde oevu, badala ya zege peke yake. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini nataka tuulizane mapema matokeo yatabaki mikononi mwa nani.

Tazama Nakivubo, bonde oevu la Kampala. Mwaka 1999 wataalamu wa Uganda wakishirikiana na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, walipiga hesabu ya kazi inayofanywa na bonde lile la kuchuja maji machafu ya jiji kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa. Walikadiria thamani inayofika hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Mafunjo huyapunguza maji kasi, taka zikatua chini, na mizizi ikanyonya nitrojeni na fosforasi. Maji yakipitishwa kwenye mfereji wa zege hukimbia moja kwa moja hadi ziwani na uchafu wake wote.

Hesabu ile ilikuwa wazi, na bado mafunjo yakafyekwa. Magimbi na miwa vikapandwa, kifusi kikamwagwa, viwanda vikasimama. Ghuba ikazidi kuchafuka, gharama ya kusafisha maji ikapanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtambo mpya kujengwa mbali, Katosi wilayani Mukono, kwa mikopo ya mashirika ya fedha ya Ulaya. Inaniuma kila ninapoifikiria. Tulikuwa na jibu mkononi, tukakopa kulipia matokeo ya kulipuuza.

Ndiyo maana siamini kwamba tunachokosa ni ripoti nyingine. Uwezo upo hapa: Profesa Shuaib Lwasa, Mganda aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere, aliongoza pamoja na Karen Seto wa Marekani uandishi wa sura ya miji katika ripoti ya 2022 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi. Ushirikiano wa namna hiyo, ambao Mganda anashika kalamu pamoja na mgeni, naupenda. Usioniridhisha ni ule wa kuwatuma vijana wetu na madodoso mitaani, wakazi wajibu maswali jua kali, halafu wasisikie tena neno lolote.

Kwa hiyo mkataba wowote wa utafiti useme tangu mwanzo kwamba vipimo vya mvua na kina cha maji vitashikwa na wakazi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa LC, yaani baraza la mtaa, kwa Luganda na Kiswahili, kabla hayajachapishwa ng'ambo. Pia fedha za kutunza mafunjo yaliyorudishwa na kuzibua mitaro zitengwe kwa miaka mingi, kwa sababu bonde haliponi ndani ya mradi wa miaka mitatu.

Kuna jambo lingine gumu zaidi. Katiba ya 1995 inasema serikali inashikilia ardhi oevu kwa amana kwa ajili ya wananchi wote. Sheria hiyo ikitekelezwa, mara nyingi anayeanza kuondolewa ni mama mwenye kibanda cha mabati, huku ghala lililojengwa bonde hilohilo likibaki na ukuta wake. Mtafiti anayechora ramani ya mafuriko aweke na maghala hayo kwenye ramani, na aonyeshe yanasukumia maji nyumba za nani.