Mashine mmeleta, kichwa cha mgonjwa nani atakiinua?

Juzi kwenye taarifa ya habari nimeona tena mashine za kupumulia zinakabidhiwa hospitali, utepe unakatwa, watu makofi, na mimi moyo umeniuma kweli. Mamdogo wangu alipata ajali ya bodaboda akapelekwa ICU, wodi ya mahututi, kichwa ndo kiliumia, mapafu yalikuwa mazima kabisa. Siku chache baada ya kuwekewa mpira wa mashine kooni homa ikapanda, makohozi yakawa ya kijani, tukaambiwa nimonia.

Nimonia ya aina hii inampata mtu akishapita saa 48 kwenye mashine. Hawezi kukohoa, mate na uchafu wa mdomoni unatuama juu ya ile puto ndogo inayoshikilia mpira, halafu unapenya kidogo kidogo mpaka kwenye mapafu. Na wadudu wa ICU ni sugu, bakteria kina Acinetobacter na Klebsiella, dawa zake bei haishikiki.

Sasa jamani, kinga nyingine haitaki hata umeme! 1999 madaktari wa Barcelona walilinganisha wagonjwa 86 wa mashine: waliolazwa chali, asilimia 34 walishukiwa kupata nimonia, walioinuliwa nyuzi 45 ni asilimia 8. Kuinua kitanda tu upande wa kichwa. Na mswaki, mswaki wa kawaida, miongozo ya Marekani ya 2022 ya kuzuia nimonia hii imeutaja kabisa. Mamdogo nilimkuta amelala flati, midomo imepasuka, ulimi una utando mweupe umeganda, nikamuomba nesi nimsafishe akasema subiri dada, alikuwa na wagonjwa wanne wa mashine peke yake. Simlaumu hata kidogo. Huyo huyo ainue vitanda, avute makohozi, anawe mikono kila akihama mgonjwa, apunguze dawa ya usingizi aone nani anaweza kupumua mwenyewe atolewe mpira mapema, saa ngapi?

Haya, bila mashine mamdogo asingefika kesho yake, hilo nakubali. Alitoka hai, Mungu ni mwema, ila ile nimonia ilimrefushia kulala pale na bili ikala kiwanja cha familia.

Kwa hiyo viongozi wetu, mkija kukabidhi mashine nyingine tuambieni pale pale mbele ya kamera mmeajiri manesi wangapi waliosomea ICU, na usiku wanabaki wangapi.